Gari la Bibi Lenye Paa la Ukindu

Bibi yangu mzaa mama hakupenda magari. Alipenda kuonekana ndani ya gari, na hayo ni mambo mawili tofauti. Harufu ya petroli ilimchafua roho, na kila gari lilipopita karibu na nyumba yetu pale Msambweni, katika miaka ile ya hamsini ambapo magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika, aliwaita kuku wake waingie uani kana kwamba amepita mwewe. Lakini siku mwenye duka mmoja wa Ukunda alipokuja na gari lake kuniposa, akamwambia, "Panda, bi mkubwa, nikutembeze kidogo," bibi aliingia chumbani, akabadilisha kanga, akapaka wanja, akatoka, akapanda.

Nilichungulia dirishani. Gari halikuwaka. Wakaitwa vijana walisukume, na bibi akakaa kiti cha nyuma, mgongo kaunyoosha, akiwahimiza: "Haya wanangu, msichoke, mbele kuna mteremko." Lilipowaka lilimfikisha njia panda, likamrudisha. Basi. Lakini kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hakuna aliyekanyaga baraza yetu asisimuliwe safari ile, na kila iliposimuliwa ilirefuka. Mwisho ilikuwa imefika Likoni, kwenye kivuko cha Mombasa. Hapo ilikoma, kwa sababu bibi hata katika uongo hakukubali kuvuka maji.

Mwenye duka alikuwa tayari na wake wawili, na ndevu zimeanza kuota mvi. Hayo si dhambi, lakini mimi sikumtaka. Nilimtaka mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa na hata baiskeli.

Alikuwa mpishi wa Wazungu fulani waliokaa ufukweni Diani, na yeye mwenyewe kwao ni Mkwiro, kisiwani Wasini. Tulijuana kwa sababu ya kuku. Bibi alifuga kuku wa kuuza, na huyu mpishi alikuja kununua kwa ajili ya jikoni kwake. Kila baada ya siku chache alirudi kulalamika: mmoja alikuwa mgumu, mwingine mafuta mengi, wa tatu alionekana ana huzuni. Kutoka Diani hadi kwetu si karibu. Mtu anapanda lori, anashinda njaa njiani, anakula vumbi, ili aje kumlalamikia kuku! Mimi ndiye niliyetumwa kumkamatia mwingine, naye alijitolea kunisaidia kumfukuza, na kuku wa bibi hawakuwa na mbio kiasi hicho, ni sisi tuliokuwa hatuna haraka. Siku moja bibi aliuliza, "Hao Wazungu wako ni wangapi, mbona wanakula kama jeshi?" Alikuwa amekwisha kuelewa. Bibi hakuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake.

Washenga wa mpishi walipokuja, baba na mama waliwapokea vizuri, wakakubaliana nao kila kitu. Kilichobaki ni bibi.

Lazima nieleze hapa desturi ya ukoo wetu. Mwari akiposwa, baba ana kilemba chake, mama ana mkaja wake, na bibi naye ana kitu chake, akitakacho mwenyewe. Vya baba na mama huzungumzwa, hupunguzwa, huombewa muhula. Cha bibi hakijadiliwi, kwa sababu bibi ni mtani wa bwana harusi, humwita mume wake, na mtu hashindani bei na mtani. Bwana harusi hukileta kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wazee, na siku ya nikaha haitajwi mpaka bibi aridhike. Na alama ya kuridhika ni moja tu: acheke. Akicheka, imekwisha, hata kama alicheka kwa bahati mbaya. Bibi wengi hutaka sinia ya tambuu au blanketi, hucheka kabla kijana hajavua viatu, halua huliwa, watu huenda zao.

Bibi yangu mimi hakuwa wa aina hiyo. Alichekesha watu mpaka wakashika mbavu, lakini yeye mwenyewe uso wake ulikaa mkavu. Na alikwisha kuiua posa moja. Binamu yangu mkubwa aliposwa, bibi akataka blanketi, bwana akaleta blanketi. Bibi alilikunjua, akaliinua, akalitazama jua kupitia katikati yake, akamrudishia. Yule bwana akalikunja blanketi lake akaenda zake, na hatukumwona tena. Binamu yangu aliolewa miaka mingi baadaye, na mtu mwenye kikohozi.

Basi wazee wakamgeukia bibi, wakamwuliza kwa adabu, "Na wewe, bi mkubwa, roho yako inataka nini?"

"Gari," alisema bibi.

Washenga wakacheka. Bibi akawatazama wakicheka mpaka wakanyamaza mmoja mmoja.

"Bi mkubwa," mmoja wao akajaribu, "kijana ni mtu wa Mkwiro. Huko kwao hata baiskeli haina pa kwenda."

"Basi na wasije bara kutafuta wake," bibi akajibu. "Nataka gari, liwekwe hapa barazani, nilione kwa macho yangu. Nimemaliza."

Habari ilifika Ukunda kabla ya washenga kufika kwao. Mwenye duka akatuma salamu kwa baba kwamba neno lake bado liko pale pale, na kwamba gari lake sasa lina betri mpya.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kutiwa ndani. Mwari aliyeposwa hakai barazani, hatumwi kisimani, hafukuzi kuku. Anakaa chumbani, anasingwa mwili kwa liwa, unga wa msandali, analainika, na anafunzwa mambo ya unyumba na somo wake. Somo wangu alikuwa jirani yetu, mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kuangusha vyungu, aliyeolewa mara tatu na kuwasifu waume wote watatu. Nilimlilia. Nilimwambia nitanywa sumu. Akaniuliza ni sumu gani niliyo nayo, sikuwa nayo. Akaniambia basi nifute kamasi nimsikilize.

"Yule ni mtani," alisema. "Mtani hashindwi kwa mali wala kwa machozi. Utani hulipwa kwa utani. Mchekesheni."

"Bibi hacheki, somo."

"Hajapata la kumchekesha."

Alikwenda yeye mwenyewe Diani, akisingizia kumtazama dada yake, akarudi amekuwa mnene kuliko alivyokwenda. Alifunga mlango, akainua buibui, akatoa sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya gari juu yake. Wale Wazungu walikuwa wanafungasha kurudi Ulaya, na mtoto wao alikuwa ameliacha sanduku hilo jikoni, hana nafasi nalo. Ndani mlikuwa na gari zima ambalo bado halijawa gari. Vipande vyake vilikuwa vimeshikamana na vijiti vyembamba kama ndizi kwenye mkungu wake, na vilikuwa vya kitu ambacho sikupata kukishika kabla ya siku hiyo, si mti, si bati, si mfupa. Plastiki.

"Anakusalimu," alisema somo. "Anasema gari amelipata, lakini limekuja vipande vipande, na vidole vyake yeye ni vya kushika sufuria. Amejaribu kubandika kipande kimoja akajibandika mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuunda gari, katika chumba cha ndani, chini ya paa la mtu niliyetaka kumchezea shere.

Sandukuni mlikuwa na karatasi ya michoro yenye mishale na maandishi ya Kizungu. Maandishi hayakuniambia kitu, lakini michoro niliielewa. Aliyewahi kukata kanzu ya kike anajua kwamba kipande cha bapa huwa na upande wa ndani na wa nje, na kwamba mkono wa kulia haushonwi kushoto. Nilikata vipande kwa wembe, nikalainisha kingo kwa jiwe la kusugulia visigino, nikabandika kwa gundi iliyokuwa ndani ya kichupa chake cha bati laini. Gundi ile ilinuka. Ilinuka mpaka macho yakatoka machozi. Tukafukiza udi, tukafukiza ubani, chumba kikawa kama cha mtu anayepungwa.

"Mnafanya nini humo?" bibi aliuliza kutoka ukumbini.

"Namfunza, bi mkubwa."

"Mbona kunanuka?"

"Ni dawa ya ngozi."

"Na hiyo sauti ya kukwangua?"

"Namkwangua visigino."

"Tangu asubuhi? Ana visigino vingapi?"

Somo akaziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani asipasuke, nami nikajifunika mto. Bibi aliondoka, lakini tulisikia ameondoka polepole.

Makosa yalikuwa mengi. Kwanza ulikuwa usukani. Nilikwisha kuubandika kama mchoro ulivyotaka, nikautazama kwa kujisifu, ndipo somo akasema, "Mwanangu, mbona dereva amekaa kwa utingo?" Kumbe huko lilikotoka sanduku lile madereva hukaa kushoto. Nikaubandua kwa ncha ya wembe, nikauhamishia kulia, na palipobaki tundu nikapaziba kwa ulimbo. Kisha ikawa rangi. Plastiki ilikuwa nyeupe iliyopauka, nami kwa werevu wangu nikaipaka hina. Hina ilikauka, ikapukutika yote, gari likabaki jeupe na vidole vyangu vikawa vyekundu pyu, wiki kadhaa kabla ya harusi ambayo hata siku yake haijatajwa. Mwari kupaka hina kabla ya wakati ni nuksi na ni aibu. Nilikula kwa kujifunika mikono ndani ya kanga, nikisema nahisi baridi, katika joto lile.

Rangi ya haki ililetwa na somo baadaye, chini ya buibui lile lile: rangi ya kijani iliyobaki katika kopo, ile wanayopakia mashua zao huko Mkwiro. Niliipaka kwa mswaki wa mti. Ilikolea.

Magurudumu mawili yalipotea, pengine mtoto wa Mzungu aliyachezea. Mchumba akakata vifungo vya koti lake, vile vikubwa vyeusi, akaniletea vyote kwa mkono wa somo ili nichague. Nilivichukua vyote. Gari lenye magurudumu ya aina mbili ni gari la mtu asiyejali, na bibi angeliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Sandukuni mlikuwa pia na dereva, kijitu cha plastiki chenye kofia. Somo alipomwona alistaghafiru. "Sanamu ndani ya chumba cha mwari! Malaika watapita wapi?" Akamrusha nje kwa dirisha la uani. Kuku mmoja wa bibi akamdaka, wenzake wakamfukuza wakidhani amepata panzi, akazunguka kisima mbio, na kwa hofu ya kunyang'anywa akammeza mzima. Tulicheka mpaka somo akakaa chini. Alipompelekea mchumba habari za kazi, alimhadithia na hilo, na hapo, ingawa hatukujua, tukawa tumejichimbia shimo.

Lililobaki ni kuligeuza gari la Mzungu liwe gari la bibi. Kwenye picha halikuwa na paa. Eti watu wake wanapenda kupigwa na jua. Nilichukua ukindu mwembamba niliokuwa nao wa kusukia mkeka, mweupe na wa rangi ya zambarau, nikasuka paa, nikalipinda ukingo kwa ule upindo wa mara mbili alionifunza bibi mwenyewe nilipokuwa mdogo, akinipiga vidole kila nilipokosea. Madirishani nikatia pazia za kipande cha kanga kuukuu, maana mwanamke mwenye heshima zake hakai kwenye gari akitazamwa na kila mpita njia. Mlangoni nikatia kidato cha kupandia, kwa sababu ya magoti yake. Viti nikavifunika kwa mkeka. Na kando ya kiti cha nyuma nikabandika kombe moja dogo la pwani, gamba la chaza, limelala chali, tupu. Bibi alitafuna tambuu kutwa, na mtu wa tambuu lazima awe na pa kutemea.

Nilipomaliza nililiweka kwenye kiganja, likaenea vizuri. Nililipenda gari lile. Niliogopa pia, kwa sababu sasa hapakuwa na njia nyingine. Likimchekesha bibi ninaolewa na nimtakaye. Lisipomchekesha, kuna betri mpya Ukunda.

Siku ikafika. Wazee walikaa barazani, sisi wanawake tulikuwa ndani nyuma ya pazia la mlango, jicho langu kwenye tundu. Bibi alikuwa mlangoni juu ya kiti chake cha kamba, kijaluba cha tambuu mapajani. Mwenye duka naye alikuja, kwa heshima tu, alisema, akaliegesha gari lake mahali ambapo kila mtu angeliona.

Mchumba wangu akaja na sinia iliyofunikwa kitambaa. Aliibeba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alilishika koti lake lisifunguke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona koti halina vifungo?"

"Vimo garini, bibi."

"Gari lipi? Sikusikia mlio."

"Limezimwa, bibi, lisikusumbue."

Akafunua. Baraza nzima ilivunjika kwa kicheko. Wazee walishikana mabega, baba aliinama akajifanya anatafuta kiatu. Bibi hakucheka. Alilichukua gari, akaliweka mapajani, akaanza kulipekua kwa ncha ya kidole. Aligusa paa. Akasogeza pazia, akachungulia. "Angalau aliyeliunda anajua kuwastiri watu," alisema. Akafika kwenye kidato. "Na hiki?"

"Cha kupandia, bibi. Kwa ajili ya magoti."

"Magoti yangu yana nini?"

Alilizungusha, akalitikisa karibu na sikio. "Sawa. Dereva yuko wapi?"

Hapa mchumba wangu, ambaye kwa kusikia watu wanacheka alikuwa amelewa sifa, akasema kwa sauti, "Dereva alikuwapo, bibi. Ameliwa na kuku wako."

Watu walicheka upya. Somo, aliyekuwa kando yangu, hakucheka. Alinifinya mkono mpaka nikakaribia kupiga kelele.

Bibi aliwangoja wamalize wote. "Kuku wangu," alisema taratibu, "hawatoki uani kwangu. Huyo dereva alifikaje uani kwangu?"

Mchumba wangu alianza kulifunga koti, akakumbuka halina vifungo. Bibi akaligeuza gari juu chini, akalisogeza paa karibu na macho, akapitisha ukucha kwenye upindo wa ukingoni. Alikaa nao muda mrefu upindo ule.

"Mke mwenzangu," aliniita, kama alivyozoea kunitania. "Sogea hapa."

Nilisogea mpaka kwenye pazia, nikajifunika uso.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, bibi."

Nilijua imekwisha. Nilijiona Ukunda, mke wa tatu, nasukuma gari kwenye mteremko. Nililia kwa sauti, sikujali nani yupo.

"Mimi sikutaka gari," alisema bibi. Hakunisemesha mimi, aliwasemesha wote, na sauti yake haikuwa ile ya kuchekeshea watu. "Magari yananuka. Nilitaka kitu ambacho kijana huyu hawezi kukileta, akate tamaa arudi kwao. Si kwamba ni mbaya. Hata huyu wa Ukunda simpendi, lakini Ukunda kuna njia. Mtu akinikumbuka atapanda lori, nami nikimkumbuka nitakwenda, hata kwa miguu, hata kwa magoti haya. Mkwiro ni maji. Baba yangu alikwenda majini nikiwa mtoto, hakurudi, na mimi tangu hapo sijatia mguu chomboni na sitatia. Huyu nimemlea mimi. Akishavuka, nani ataniletea?"

Nilikaa naye chumba kwa chumba miaka yote, nikijiona mjanja, na sikuwahi kuliwaza hilo hata mara moja. Nililia sasa kwa sababu nyingine.

Mchumba wangu alipiga magoti, koti likafunguka, hakulijali. "Ntamleta mimi mwenyewe, bibi. Wallahi ntamleta."

"Wote husema hivyo," alisema bibi. Akaangalia chini ili watu wasimwone macho, na macho yake yakaangukia ndani ya gari. "Na hili kombe la nini?"

Mchumba alitazama. "Pa kutemea tambuu, bibi. Usije ukachafua viti."

Bibi alilitazama lile kombe, lisilotosha hata tone moja. Akalipapasa shavu lake lililojaa tambuu. Akalitazama kombe tena, akajivuta nyuma kama mtu anayelenga shabaha, na hapo kikamtoka. Kicheko. Kilianza mabegani, kikafika tumboni, tambuu ikamruka ikatua kwenye kanzu ya mshenga, naye akaendelea kucheka huku machozi yakimtiririka mpaka akashikwa na kikohozi.

"Amecheka!" somo akapaza sauti nyuma ya pazia, kabla bibi hajawahi kuziba mdomo. "Wazee, amecheka, mmeona!"

"Amecheka," wazee wakaitikia, na mmoja akaanza Fatiha pale pale, kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango mbuzi asitoke.

Bibi alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Alimngoja mzee aitikiwe amina. Kisha, mbele ya watu wote, alishika gurudumu moja la gari, akalikunja kwa nguvu. Tak! Likatoka, likabaki mkononi mwake.

"Gari gani hili?" alisema. "Halijamaliza hata siku, limekwisha kuharibika. Fundi wake nani?"

"Mimi, bibi."

"Basi ukishaolewa utakuja kulitengeneza."

Mwenye duka aliaga. Gari lake halikuwaka, betri mpya au si betri mpya, na vijana wakaitwa. Bibi aliwapigia kelele kutoka barazani kwamba mbele kuna mteremko.

Nikaolewa, nikavuka. Mume wangu alifungua mkahawa mdogo wa chai na mahamri pale Mkwiro, na neno lake alilitimiza: kila bahari ilipokubali alinivusha mwenyewe hadi Shimoni, nikapanda lori hadi Msambweni. Gari lilikuwa kwenye rafu ya ukumbini, juu ya kitambaa. Na kila nilipofika lilikuwa bovu. Mara gurudumu, mara kidato, mara pazia limechanika. Bibi, ambaye sikupata kumwona akivunja hata kikombe, alinikabidhi vipande ndani ya kijaluba, uso mkavu kabisa. "Barabara mbaya," alisema. Au, "Wageni wanalishikashika." Nilikaa chini nikatengeneza. Gundi huchukua muda kukauka, na fundi haondoki kazi haijakauka, basi nililala, na siku ya pili yake nikalala tena. Tuliulizana habari, alinisuka nywele, alimsema mume wangu, alimsifu. Wakati mwingine alivunja viwili kwa pamoja, na hapo nilijua kwamba nimechelewa kuja.

Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili nilipoletewa habari kwamba bibi hainuki. Nilivuka bahari ikiwa mbaya. Nilipita ukumbini, na kwa mazoea mkono wangu ulikwenda rafuni kabla sijaingia chumbani kwake. Gari lilikuwa zima. Nililigeuza huku na huku, nikavuta magurudumu, nikashika kidato, nikapapasa paa. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama nilivyokiacha.

Niliingia nalo. Alikuwa amelala, mikono juu ya kanga, na mikono yenyewe imekuwa midogo.

"Bibi, shikamoo. Gari leo halina ubovu."

"Marahaba, mke mwenzangu," alisema. Alijaribu kuinua vidole, vikarudi chini. "Nilijaribu. Hivi vimekataa."

Nilikaa kitandani kando yake. Nililishika gurudumu la mbele, nikalikunja mpaka likatoka, nikamwekea kiganjani na kumfumba vidole juu yake.

"Tazama, bibi," nilimwambia. "Limeharibika vibaya sana. Sijui nitakaa hapa mpaka lini."

"Kaa," alisema. "Usifanye haraka."